Kiti cha Ngozi Hakitakutoa Salgaa Saa Nane Usiku

Wasee, kuna kitu lazima tuambiane. Tunanunua hizi gari za watu 7 kama vile tunachagua sofa. Ni viti, ni taa za dari, ni mlango unaojifungua wenyewe kama lifti za Upper Hill. Uliza injini ni gani, kimya. Uliza oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, unaambiwa "fundi atajua."

Fundi atajua, lakini wewe ndio utalipa.

Msimamo wangu ni huu: kama wewe ni kijana, umechukua mkopo wa sacco, na hiyo gari ndiyo itabeba watu wa erapoti na harusi ndio mkopo ulipwe, chagua gari ambayo unaweza kufungua boneti na ufanye kazi ndogo ndogo mwenyewe. Kiti laini kinakuja namba mbili. Starehe ya kwanza ni kufika. Ukikwama Salgaa saa nane usiku na abiria sita, hakuna atakayesifia ngozi ya kiti.

Tuanze na mpenzi wenu, Alphard. Ile ya 2008 hadi 2015 ilikuja na injini ya 2.4 yenye silinda 4, na ya 3.5 V6. Kila mtu anataka V6 juu inavuta. Sasa sikiza. V6 ina plagi 6. Tatu ziko mbele, unazifikia. Tatu zimejificha nyuma, karibu na ukuta wa kabini, na huwezi kuzigusa kabla utoe manifoldi ya hewa iliyokaa juu ya injini. Kazi ambayo kwa silinda 4 unaimaliza kabla chai ipoe inakuwa ya kulipia fundi nusu siku. Ongeza na uzito wa karibu tani 2: pedi za breki, bushi na tairi zinaumia. Ukiwa na pesa za kuitunza, nunua, enjoy. Ukiwa umekopa hadi shilingi ya mwisho ndio uipate, hiyo gari itakumaliza bana.

Sasa Noah na Voxy. Kwanza, hizi ni gari moja. Mama mmoja, sura mbili. Ukipata Voxy imewekwa bei juu kuliko Noah yenye hali sawa, jua unalipia taa na grili. Ya 2007 hadi 2014 ina injini ya 2.0 inayoitwa 3ZR: silinda 4 kwa mstari, plagi ziko juu, kila koili imeshikwa na bolti ya spana namba 10. Inatumia chaini ya taiming, so hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Hiyo ni gari ya mtu anayetaka kulala usingizi.

Lakini usiingie kwa Noah kichwa mchunga juu ni Toyota. Ile ya 2001 hadi 2007 ina injini ya D-4, inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa sababu petroli haipiti kwa vali za kuingiza hewa, haiwezi kuziosha, na masizi yanajijenga hapo pole pole. Kuna pia pampu ya presha ya juu ambayo si ya kuchezea nyumbani. Ukiona bei yake imekuwa tamu sana, hiyo tamu ina sababu.

Kisha kuna Serena, gari ambayo Wakenya wanaitukana bila kuielewa. Kwa starehe, Serena ya 2010 hadi 2016 iko juu: madirisha makubwa, nafasi ya miguu, hata wa nyuma anapumua. Shida kila mtu anataja ni giaboksi ya CVT. Sawa, lakini CVT ni mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na inataka oili yake. Nissan wana NS-2 na NS-3 kulingana na modeli, Toyota wana zao. Mtu anamwaga ATF ya kawaida juu ni bei rahisi, mkanda unaanza kuteleza, giaboksi inatetemeka, kisha tunasema Nissan ni takataka. Na nyinyi mnaosema "mimi sitaki CVT, nipe Noah," habari ndio hii: hiyo Noah ya 2007 hadi 2014 pia ni CVT. Umekimbia mvua ukaingia kwa mto.

Kama mko wachache na mizigo si mingi, kuna Sienta ya kwanza, 2003 hadi 2015. Injini ni 1NZ ya 1.5, ile ile iko kwa Probox nyingi. Maana yake spea ziko Grogan, ziko Kisii, ziko hadi kwa kaduka ka mtaani, na fundi yeyote aliyeona Probox anaijua. Ubaya wake: kiti cha tatu ni cha watoto, usidanganye watu wazima.

Kumbuka sheria yetu hairuhusu kuleta gari iliyozidi miaka 8 kutoka nje. So hizi za zamani utanunua kwa Mkenya mwenzako, na huyo ashaitumia. Cheki rekodi ya gari kwa eCitizen. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, uiwashe wewe. Iendeshe mlimani polepole usikize kama inatetemeka. Iwekwe skana. Jaribu AC ya nyuma. Fungua na ufunge milango ya umeme mara kumi, juu ndani kuna mota na kebo, na kebo hukatika.

Ukishanunua, kuna kazi ni zako: oili na filta, filta ya hewa, plagi za silinda 4, betri, balbu. Boksi ya spana unanunua mara moja. Na kuna kazi si zako: ndani ya giaboksi, eabegi, na zile waya za rangi ya machungwa kwa haibridi, zina umeme wa kuua. Na usiwahi kuingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Watu watasema huu ni ushamba, ati kijana anafaa kujibamba. Jibambe. Lakini ile doo ya dipoziti, kwa wengi wetu, ni ya mathe, ni ya chama, ni ya msee watatu waliojinyima mwaka mzima. Gari ikilala gereji wiki mbili, mkopo haulali. Wenye chama wataanza kupigia mathe simu, na hakuna atakayemuuliza kama viti vilikuwa vya ngozi.