DENI LA NYUMBA LILIPWE NA NYUMBA



Yako maneno yanayozunguka katika afisi zetu siku hizi, nao wasemao huyasema kama wenye hekima: "Kopa, jenga vyumba, mpangaji atakulipia deni." Twaona yafaa maneno haya yajibiwe, maana yamewatia wengi wetu taabuni.

Hatusemi mtumishi asiwe na nyumba ya kupangisha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza jambo hilo watumishi wa Serikali wa ngazi za kati na za juu, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza katazo hilo. Ruhusa tunayo. Walakini ruhusa ya kujenga si ruhusa ya kujenga kwa fedha yo yote na kwa sharti lo lote.

Na tupige hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa kalamu. Tuseme karani akopa shilingi 20,000,000 kwa dhamana ya mshahara wake, riba asilimia 16 kwa mwaka, alipe kwa miaka 5. Kila mwezi atakatwa shilingi 486,000 hivi. Ajenga vyumba 6, kila kimoja kwa pango la shilingi 50,000. Mshauri wetu huishia hapo, akatangaza shilingi 300,000 kila mwezi! Lakini vyumba havijai mwaka mzima. Tutoe pango la miezi 2, zisalie shilingi 3,000,000. Tutoe kodi ya Serikali, asilimia 10 ya pango, kisha shilingi 300,000 za paa, choo na rangi. Zabaki shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi. Je, hizo 286,000 zilizopungua hulipwa na mpangaji? La! Hulipwa na unga wa nyumbani na ada za watoto. Tena makato huanza mara mkopo utolewapo, ilhali nyumba ingali msingi.

Kukopa arusi, kulipa matanga. Mshahara ukiisha kukatwa, karani hukimbilia mikopo ya kausha damu, akamwachia mkopeshaji kadi yake ya benki. Hapo ndipo aibu yetu sote ilipo. Mtu ambaye mshahara wake si wake tena, kalamu yake nayo yaweza kununuliwa. Mwananchi aliyekuja kutafuta haki yake ndiye atakayelipishwa nyumba ya karani.

Wako watakaojibu kwamba kiwanja hupanda thamani. Mara nyingi ni kweli. Lakini thamani ya ukuta hailipi ada mwezi wa Januari, na nyumba ikinadiwa, aliyeinunua kwa bei ya mnada ndiye apatao faida hiyo.

Basi twasema hivi. Mwenye subira na ajenge chumba baada ya chumba kwa akiba yake, na pango la viwili vya kwanza lisimamishe cha tatu. Anayetaka kukopa, kwanza aweke kando kila mwezi, kwa miezi 6, kiasi kile kile atakachokatwa. Akishindwa kabla ya deni, hataweza baada yake. Akiba hiyo asiile, bali iwe kinga vyumba vikikaa vitupu. Mpangaji akilipa pango la miezi 6 kwa pamoja, fedha hiyo igawanywe kwa 6, isihesabiwe kuwa mapato ya mwezi mmoja. Na mwanachama asitie sahihi kuwa mdhamini wa mwenziwe kabla ya kuiona hesabu hii imeandikwa katika karatasi, pamoja na miezi mitupu, kodi na matengenezo.

Asiyeweza kuionyesha hesabu hiyo hajawa tayari kukopa, na amwambiaye kwamba yu tayari si rafiki yake.