MALEZI YA JAMAA: Bunduki Si Wembe

Wahenga walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Maana yao ilikuwa kwamba maumivu ni mwalimu: akijikata kidole leo, kesho hatauchezea tena. Lakini wahenga waliutaja wembe, hawakuitaja bunduki. Jeraha la wembe hupona baada ya siku chache, na mtoto akabaki na funzo lake. Risasi haimwachii mtu nafasi ya kujirudi. Kwa sababu hiyo nyumba ya askari, ambamo silaha yaweza kuingia na kutoka pamoja na mwenye nyumba, yahitaji malezi ya namna yake.

Shule za Uganda zilipofungwa kwa ajili ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, wazazi wengi walizoea kuwaona watoto wakisoma kwa redio, televisheni na simu ya mkononi. Basi si ajabu leo mzazi akitamani kwamba hata somo la kujihadhari na silaha lifundishwe kwa njia hiyo. Katika Marekani, nchi ambayo raia wengi huweka bunduki majumbani, masomo hayo yamo katika intaneti, na mtoto huyatazama akiwa nyumbani. Yaliyo maarufu ni ya tai wa katuni aitwaye Eddie Eagle, yaliyoanzishwa na chama cha wenye bunduki cha huko, NRA, mwaka 1988, kabla intaneti haijaenea. Tai huyo humfundisha mtoto mambo manne akikuta bunduki: asimame, asiiguse, akimbie aondoke mahali hapo, amwambie mtu mzima.

Maneno hayo ni mafupi na ni mema. Lakini yapasa kuuliza kama huufikia mkono wa mtoto, ama hukomea mdomoni.

Mwaka 2023 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Sophie Kjaervik na Brad Bushman, walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya jambo hili. Waliwachukua watoto 226 wenye umri wa miaka 8 hadi 12. Kila mtoto alitazama nyumbani kwake filamu ya dakika moja tu. Nusu yao walionyeshwa somo la usalama wa bunduki. Nusu nyingine, usalama wa motokaa. Aliyesema nao katika filamu alikuwa mkuu wa polisi aliyevaa sare zake, kwa kuwa mtoto huliheshimu neno la mwenye sare. Baada ya wiki moja watoto waliitwa chuoni wawili wawili, wakaachwa wacheze chumbani penye vitu vya michezo. Ndani ya kabati la chumba hicho zilikuwa zimefichwa bastola mbili za kweli, zilizokwisha kuharibiwa zisiweze kufyatua risasi. Kamera iliwatazama kwa siri.

Karibu watoto wote walizikuta. Miongoni mwa waliofundishwa habari za motokaa, 67 katika kila mia walizishika. Miongoni mwa waliofundishwa habari za bunduki, walioshika walikuwa 39. Waliovuta mtambo wa kufyatulia risasi walikuwa karibu 30 katika kila mia kwa kundi la kwanza, na karibu 9 kwa kundi la pili. Waliokwenda kumwambia mtu mzima walikuwa 11 kwa kundi la kwanza na 34 kwa kundi la pili.

Tarakimu hizi zina sura mbili, na mzazi hana budi kuzitazama zote. Sura ya kwanza yatia moyo: dakika moja ya somo, wiki moja ikiisha kupita, ilizuia mikono mingi. Sura ya pili ni ya kuogofya. Hata baada ya somo, karibu watoto wanne katika kila kumi waliishika silaha, na wawili katika kila watatu hawakumwambia mtu. Mzazi asemaye, "Wangu amekwisha kufundishwa," na kisha akaiacha bastola chini ya mto, amemkabidhi mtoto kazi ya mlinzi.

Kwa watoto wadogo zaidi, pengo kati ya ulimi na mkono ni kubwa zaidi. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2004, uliwahusu watoto wa miaka 4 na 5 waliofundishwa maneno ya yule tai. Waliweza kuyasema vizuri. Lakini walipokuta bunduki bila mtu mzima kuwapo, hawakuyatenda. Kilichosaidia zaidi ni mazoezi: mtoto kuwekwa katika hali ifananayo na ya kweli, akasahihishwa papo hapo, akarudia tena na tena. Askari hawezi kustaajabu kusikia hayo, maana hata yeye hakujifunza gwaride kwa kutazama picha.

Wapo wasemao kwamba mtoto wa miaka mitatu hana nguvu za kudhuru. Hilo si kweli. Uchunguzi wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba robo ya watoto wa miaka 3 na 4 waliopimwa walikuwa na nguvu vidoleni za kutosha kufyatua bastola nyingi.

Basi kazi ya kwanza ni ya mwenye silaha. Zamu ikiisha, bunduki irudishwe katika ghala la silaha, wala isiletwe nyumbani kwa uvivu wa kutembea. Ikiwa amri ya kazi yamlazimu kuwa nayo nyumbani, aitoe risasi zote na kukagua chemba, maana magazini ikitolewa risasi moja yaweza kubaki ndani. Silaha ifungiwe kwa kufuli, risasi zifungiwe mahali pengine, na ufunguo asiuache. Juu ya kabati si mahali pa kuficha. Mtoto hujua kuburuta kiti.

Kazi ya pili ni ya wazazi wote wawili. Mtoto asipewe simu akatazame somo peke yake. Baba au mama akae naye, kisha amwulize: "Ukiiona bunduki kwa rafiki yako, utafanya nini?" Baadaye wafanye zoezi kwa kipande cha mti kilichochongwa mfano wa bunduki, kamwe si kwa silaha ya kweli. Kiwekwe mahali mtoto atakapokiona; naye asimame, asiguse, akimbie, aje kusema. Zoezi lirudiwe baada ya siku kadhaa, na watoto wa majirani washirikishwe, kwa kuwa watoto hushawishiana.

La mwisho ni namna ya kumpokea mtoto ajapo kutoa habari. Mama aambiwapo, "Bunduki ya baba iko kitandani," asimjibu kwa kofi wala kwa "Ulikwenda kutafuta nini huko?" Wala baba asikasirike kwa kuumbuliwa mbele ya wageni. Mtoto aliyepigwa kwa kusema kweli, siku nyingine atanyamaza, na pengine siku hiyo ndiyo yenye msiba. Apewe asante, na silaha iondolewe mbele ya macho yake, aone kwamba neno lake limefanya kazi.

Filamu ya dakika moja ni msaidizi mwema, wala haifai kudharauliwa. Lakini haina mkono wa kufunga kufuli. Mkono huo anao askari mwenyewe, naye autumie kila arudipo kutoka lindo, kabla hajavua viatu.