Barua kutoka Uingereza: Kikohozi Kinachotoka Ukutani

Ndugu zetu wa Dar, Mombasa, Unguja na kwingineko mnakoisoma barua hii,

Huku Uingereza baridi imeshabisha hodi na madirisha yamefungwa. Kila msimu kama huu simu za nyumbani huwa na swali moja: mbona fulani kikohozi hakimwishi? Akieleza kuwa chumba kina ukungu, hupewa dawa papo hapo: apige Jik, afungue madirisha, apunguze uvivu.

Kuna familia iliyowahi kujibiwa hivyo, na mwisho wake ulikuwa kaburi.

Awaab Ishak alizaliwa Rochdale, karibu na Manchester, kwa wazazi waliotoka Sudan. Baba yake, Faisal Abdullah, alianza kulalamikia ukungu kwenye fleti yao mwaka 2017. Akaambiwa aupake rangi. Ukungu ukarudi. Desemba 2020 mtoto akafariki, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 2. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba kilichomuua ni maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuishi muda mrefu ndani ya ukungu. Wenye nyumba walikuwa wamedhani tatizo ni mtindo wa maisha wa familia hiyo, mpaka namna wanavyooga. Baadaye walikiri kwamba dhana hiyo haikuwa sahihi.

Ukungu huu si ile sumukuvu ya mahindi na karanga mnayoijua. Hewa ya chumbani, yenye mvuke wa sufuria, wa nguo zilizoanikwa ndani na wa pumzi za watu wanne, ikigusa ukuta wa baridi, mvuke huo hugeuka maji, na hapo ukungu huota. Kabati likisogezwa, nyuma yake unakuta madoa meusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, plasta inabonyea kidoleni, na kanzu ya Idi imeshashika harufu ya pango. Mwenye pumu au mzio hapo hubanwa kifua. Mwenzake wa kitanda cha pili huenda asihisi lolote, ndiyo maana mgonjwa huonekana anadeka. Na kufungua dirisha Januari maana yake ni kulipia joto linalotoka nje.

Jik nayo hung'arisha madoa, lakini unyevu uliomo ndani ya plasta unabaki palepale, na harufu ya Jik humchokoza yuleyule anayekohoa. Mkiichanganya na dawa ya choo yenye asidi, mnapata gesi ya klorini, ile iliyotumiwa kama silaha vitani Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Onyo hili ni lenu pia, enyi wa bafu zisizo na dirisha.

Wapo vilevile wanaosema kila harufu kali inawaumiza kichwa: manukato, sabuni ya unga, udi. Madaktari wanabishana kuhusu chanzo cha hali hiyo, na hakuna kipimo cha kuithibitisha. Kwa mzio wa ngozi unaoletwa na manukato, hata hivyo, hakuna ubishi. Umoja wa Ulaya umeongeza viambato vya manukato vinavyopaswa kutajwa kwenye lebo kutoka 26 hadi zaidi ya 80. Basi mgeni akija likizo akaomba asifukiziwe chumba, msimcheke kwamba amekuwa Mzungu.

Tukirudi kwenye ukungu, tangu tarehe 27 Oktoba 2025, Sheria ya Awaab, iliyopewa jina la mtoto yule, inawabana wenye nyumba za kijamii, yaani za halmashauri na mashirika ya nyumba, hapa England: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na ukungu mkubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Ilipoanza haikuwagusa wapangaji wa watu binafsi, na huko ndiko wageni wengi huanzia maisha. Kwa hao, ushauri wa maana ni huu: wapige picha, waandike barua zenye tarehe, wamwone daktari.

Neno la mwisho ni la vifurushi mnavyotutumia. Khanga za mtoto mchanga hufika zikinuka naftalini, zile gololi nyeupe za kabatini ambazo Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2008. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida katika nchi za malaria, anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu kwa kufungwa nguo hizo. Tafadhalini, zifueni, zianikeni juani, kisha mtumeni msafiri azilete.