Apophis Haitaigonga Dunia

Mwaka jana, hapa Bagamoyo, mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliniuliza katikati ya kipindi: "Mwalimu, tunasoma ya nini ikiwa jiwe linakuja kutumaliza 2029?" Alikuwa ameletewa ujumbe kwenye simu. Wenzake hawakucheka. Wengi walikuwa wameshausambaza.

Jiwe lenyewe ni asteroidi iitwayo Apophis, iliyogunduliwa Marekani Juni 2004. Upana wake ni kama mita 340. Desemba mwaka huo wataalamu wa anga walikadiria kuwa uwezekano wa kuigonga Dunia tarehe 13 Aprili 2029 umefikia asilimia 2.7. Ule ujumbe wa simu huishia hapo. Hausemi kwamba njia ya asteroidi hukadiriwa kwa kupima mahali ilipo, usiku baada ya usiku, na vipimo vikiwa vichache kosa la makadirio huwa kubwa. Vipimo vilipoongezeka, tishio la 2029 liliondoka kabla hata mwaka 2004 haujaisha. Vipimo vya rada vya 2021 vikaondoa hofu kwa walau miaka 100.

Kwa maoni yangu, waliotoa ile asilimia 2.7 hawakudanganya. Walisema walichokipima, kisha wakapima tena. Mtahiniwa anayekariri maana ya kosa la kipimo kwa ajili ya mtihani, halafu jioni anasambaza ujumbe kama ule, hajalielewa somo, hata akipata alama zote.

Itapita wapi basi? Takribani kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia, yaani karibu kuliko satelaiti zinazorusha matangazo kwenye madishi yetu, ambazo ziko kilomita 36,000 hivi. Kwa sasa inalizunguka Jua kwa siku 324. Mvutano wa Dunia utaipinda njia hiyo, na tangu hapo mzunguko mmoja utachukua zaidi ya siku 420. Swali la fizikia hilo, tena zuri kuliko mengi ninayoyaona kwenye mitihani ya majaribio.

Itavuka Bahari ya Hindi ikielekea Afrika, na itakuwa karibu zaidi saa 6:46 usiku wa kuamkia Jumamosi, 14 Aprili, kwa saa zetu. Usiku huo itaonekana kwa macho matupu, kama nyota hafifu inayotembea. Mimi nitakuwa ufukweni. Ninachohofia ni masika tu, maana Aprili wingu la pwani yetu halibanduki.