Semeni Pesa Zimeisha

Matokeo ya KCPE yalipotangazwa tarehe 21 Desemba 2022, nilikuwa Mwingi kwa dada yangu, nimeketi chini ya mwarobaini na simu mbili mkononi, yangu na yake. Unakumbuka siku hizo: unaandika nambari ya mtihani ya mtoto, unatuma kwa 20076, unakatwa shilingi 25, halafu unangoja. Watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.2, na naona kila mmoja alikuwa na mjomba mwenye simu, kwa hivyo jibu lilichelewa. Dada alijifanya anapepeta ndengu. Ndengu zenyewe hazikujaza hata debe, maanake mvua ilikuwa imetukataa msimu baada ya msimu. Binti yake alikuwa amejificha jikoni. Simu ikalia. 348.

Dada alipiga vigelegele mpaka jirani akaja na mwiko mkononi. 348 kati ya 500, kutoka shule ambayo darasa la nane lilikuwa na walimu watatu kwa masomo matano! Mimi sikupiga vigelegele. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma tangazo lililobandikwa nje ya ofisi ya chifu: ufadhili wa miaka minne ya sekondari, karo yote, sare, sanduku, mpaka nauli, kwa mtoto wa familia isiyojiweza aliyepata alama 350 kwenda juu.

"Mwalimu, mbona umenyamaza?" dada akaniuliza.

"Zimepungua mbili."

"Mbili tu? Si twende tuwaeleze?"

Tulienda. Tulibeba barua ya chifu, cheti cha kifo cha shemeji yangu, na picha ya nyumba. Kijana aliyekuwa akipokea fomu hakuwa mtu mbaya. Alisoma kila karatasi, akazipanga vizuri, akamrudishia dada kwa mikono miwili. "Pole, mama. Hajafikisha."

Ugomvi wangu ni na neno hilo. Sina ugomvi na kijana, wala na wafadhili kwa jumla. Najua watoto waliosomeshwa na wafadhili hadi wakawa madaktari, watoto ambao serikali ilikuwa imewasahau kabisa. Lakini hebu tuulizane kikomo kinatoka wapi. Mfadhili ana mfuko. Mtoto mmoja wa bweni anagharimu kiasi fulani kwa mwaka. Kwa binti yetu, kwa viwango vya serikali vya wakati huo, ingekuwa karo ya 40,535, kabla hujanunua godoro. Gawa mfuko kwa gharama ya miaka minne, utapata idadi ya watoto. Wanaohitaji wanazidi idadi hiyo mara nyingi, kwa hivyo unapiga mstari pale ambapo pesa zitatosha. Mfuko ukinona mwaka ujao, mstari utashuka. Ukikonda, utapanda. Mtoto ni yule yule. Hii ni hesabu ya mfuko tangu mwanzo hadi mwisho, na si aibu, kila nyumba hufanya hesabu kama hiyo. Aibu ni kuichukua hesabu ya mfuko na kumsomea mtoto wa miaka kumi na minne kana kwamba ni hesabu ya akili yake. Hakuna aliyemwambia, "Tumesaidia tulioweza, pesa zimeisha." Aliambiwa yeye ndiye aliyepungua.

Na wacha niseme jambo ambalo walimu wa Kiswahili tunalijua na hatupendi kulisema mbele ya wazazi. Karatasi ya Kiswahili ya KCPE ilikuwa na sehemu mbili. Lugha ilikuwa maswali 50 ya kuchagua, yanasomwa na mashine, na mashine haina usingizi. Insha ilikuwa alama 40, nayo inasomwa na binadamu. Zote 90 zinabadilishwa kuwa asilimia. Nimesahihisha insha kwa zaidi ya miaka ishirini. Tukikaa wawili katika chumba cha walimu wakati wa mtihani wa majaribio, tukasahihisha insha moja bila kuchunguliana, mimi nitaipa 27, mwenzangu 29, na sote tutakuwa tumefanya kazi yetu kwa uaminifu. Yeye anapenda methali, mimi zinanichosha zikizidi tatu. Ile ya 27 niliisoma saa nne asubuhi au saa kumi na moja jioni? Sikumbuki. Mtihani wa kitaifa una utaratibu wa kusawazisha wasahihishaji, najua, lakini utaratibu hupunguza tofauti, hauimalizi. Sasa fanya hesabu: alama mbili za insha zikibadilishwa kuwa asilimia zinakuwa mbili na ushee. Yaani umbali wote kati ya binti ya dada yangu na miaka minne ya karo unaingia ndani ya tofauti ya walimu wawili wazuri, na nafasi inabaki.

Ukiona natia chumvi, rudi nyuma kidogo. Katika KCSE ya 2015 waliopata A walizidi 2,600. Mwaka uliofuata walikuwa 141. Kwani watoto wa Kenya walipatwa na nini kwa miezi kumi na miwili? Wizi wa mitihani ulibanwa, sawa, na usahihishaji ukabishaniwa mpaka leo. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeniambia kuwa A ya mwaka huu na A ya mwaka ule ni kipimo kimoja kama kilo ya sukari. Alama huyumba. Mistari yetu tunaipiga kana kwamba haziyumbi.

Kuna upande mwingine ambao ningependa kuupita haraka kwa sababu unanitia hasira. Mtoto anayetafuta ufadhili hufanya mitihani miwili. Wa kwanza wa kuonyesha ana akili ya kutosha, wa pili wa kuonyesha ana umaskini wa kutosha. Jirani yetu, ambaye kijana wake alikuwa na 361, alishauriwa na watu aifiche sola kabla ya wakaguzi kufika, wasije wakaona nyumba ina taa. Akaificha kwetu. Kwa wiki nzima kijana aliyefaulu alisomea kibatari ili aonekane anastahili kusoma.

Najua nitaulizwa, kwani wewe unataka kila mtu apewe? Hapana, pesa hazitoshi, nimeshasema. Nataka kwanza zitajwe. Siku ya kutangaza kikomo, tangazeni pia walioomba walikuwa wangapi, waliostahili wangapi, na waliolipiwa wangapi, kata kwa kata, pale pale ukutani kwa chifu. Pili, futeni mstari mwembamba. Chukueni wale wa juu kabisa kama mnavyofanya, kisha wale wote walio karibu na mstari, tuseme alama kumi juu na kumi chini, muwapigie kura hadharani, vikaratasi ndani ya kofia, wazazi wakitazama. Wenzangu wananicheka nikisema hivi. Ati bahati nasibu katika elimu! Lakini bahati nasibu tayari tunayo, ila tumeivika suti. Mtoto akikosa kwa kura atalia, atasema sikubahatika, kesho yake ataamka. Binti yetu alikaa mwaka mzima akisema Kiswahili ndicho kilichomwangusha. Kiswahili, somo la mjomba wake.

KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Tukaambiwa mtaala mpya umezika presha. Desemba 2025 watoto wa Gredi ya Tisa walipopata matokeo yao ya kwanza, masomo tisa, kila somo pointi nane, wazazi walichukua kalamu siku hiyo hiyo wakajumlisha mpaka 72, wakaanza kuulizana, wako ana ngapi? Huwezi kubadilisha jina la ngazi ukadhani watu wataacha kuhesabu vidato wakati nafasi huko juu ni zile zile. Na huko chuo kikuu, mpango wa ufadhili ulioanza 2023 uliwapanga wanafunzi katika makundi matano ya uhitaji. Safari hii mstari ulipigwa kwa umaskini, lakini ulitolewa vile vile: barua inatua, mzazi anashangaa ameitwa tajiri na nani, na kuuliza kunahitaji rufaa. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba Desemba 2024, kisha kesi ikaenda Rufaa.

Binti yetu alienda sekondari ya kutwa, kilomita sita kwa miguu. Serikali hutoa ruzuku ya masomo kwa kila mwanafunzi, dada analipa chakula cha mchana, mimi nalipa kinachobaki nikiweza. Mwaka huu yuko Kidato cha Nne. Wikendi iliyopita alinipigia kwa simu ya mamake.

"Mjomba, C+ inaanzia pointi ngapi?"

"Arobaini na sita kati ya themanini na nne."

Nikasikia kalamu ikiandika.

"Na ya ufadhili?"

Nikamwambia hiyo haijulikani bado, pesa hazijahesabiwa. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniomba nimtumie insha zozote nilizo nazo, azisome usiku.