Umoja wa Afrika Uliofika Geita

Husemwa kwamba Umajumui wa Afrika ni fikra iliyoshindwa. Si kweli. Umetekelezwa, ila waliotekeleza si wale walioubuni.

Mwaka 1972 Walter Rodney, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza kitabuni jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mwaka 1974 jiji hilohilo likapokea Mkutano wa Sita wa Umajumui. Wakajadili, wakaagana.

Mwaka 2000 mgodi mkubwa ukafunguliwa Geita. Na nani? Ashanti Goldfields ya Ghana, nchi ya Nkrumah! Mwaka huohuo AngloGold ya Johannesburg ikanunua nusu. Mwaka 2004 kampuni hizo zikaungana. Accra, Johannesburg na Geita, kitu kimoja! Mrabaha wa dhahabu kwa Sheria ya Madini ya 1998 ulikuwa asilimia 3. Ulifika 6 mwaka 2017. Mwaka 2023 makao yake kisheria yakahamia Uingereza, hisa zake kuu New York.

Wasomi wetu wangali wanajadili “utambulisho wa Mwafrika” mahotelini. Je, wachimbaji wadogo walioondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, nao Waafrika, waliwahi kualikwa?