USIPIGE FOMATI, SOMA KWANZA!

Kuna tabia moja katika maabara yetu ya tarakilishi ambayo mimi siipendi hata kidogo. Mashine ikisasishwa Linux yake, kisha iwashwe na kukwama kwenye maandishi meupe, utasikia sauti kutoka nyuma: "Hii imekufa, piga fomati!" Jameni! Imekufa wapi? Miradi ya Kidato cha Nne imo humo, na mwenyewe pengine hana nakala nyingine.

Hebu tuelewane. Linux ina faili iitwayo /etc/fstab. Hiyo ni kama orodha ya mabweni: diski fulani ikae katika saraka fulani. Taabu ni kwamba majina kama /dev/sda na /dev/sdb hutolewa na kerneli kwa kufuata jinsi inavyozikuta diski. Kerneli mpya yaweza kuanza na ile nyingine, basi sda ya jana ikawa sdb ya leo. Si jambo geni. Fedora 7 ilipotoka mwaka wa 2007, diski za IDE zilizokuwa zikiitwa hda ziligeuka sda, na ole wake aliyeandika jina la zamani. Siku hizi mfumo huingoja diski kwa sekunde 90, ikikosa kuonekana unakutupa kwenye hali ya dharura. Faili ziko palepale, anwani ndiyo iliyopotea.

Wapenda fomati husema ati wanaokoa wakati. Wakati wa nani? Kuandika lsblk -f hakumalizi hata dakika. Amri hiyo huonyesha kila diski na UUID yake, namba ndefu isiyojali kerneli gani imeingia. (Mkipiga fomati nayo hubadilika, mmejiongezea kazi bure.) Iandike kwenye fstab badala ya /dev/sdb1. Faili ikikataa kuandikwa, anza na mount -o remount,rw /. Diski ikiwa ya ziada tu, ongeza neno nofail, mashine iwake hata isipokuwepo. Kisha jaribu mount -a kabla ya kuwasha upya.

Ni kweli, diski mbovu zipo. Hata hiyo, nakili kwanza kinachosomeka.

Mimi napendekeza hivi: nywila ya msimamizi ikae kwa mwalimu wa maabara peke yake, na mashine yoyote isifutwe kabla wenye faili hawajaulizwa. Kidato cha Pili mtanichukia, lakini hiyo ni shauri yenu.